Leokadia Mukunde, Mshauri Asiyesalimia Njiani

Baba Padri, ndugu, majirani wa Gikondo, wenzake wa chuoni, nanyi mliovuka mpaka wa Rusumo kutoka Karagwe kuja kutushika mkono, familia inaomba usikivu wenu kwa dakika chache. Historia hii inasomwa na Rugamba, kaka mkubwa wa marehemu, na inasomwa kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo hawa wawili waligombana nayo utotoni, wakapatana nayo, na ukubwani wakanyamaziana nayo.

Leokadia Mukunde alizaliwa tarehe 14 Machi 1981, Kayanga, Karagwe, nchini Tanzania, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu mzee Gasana na marehemu mama Veridiana, wakimbizi waliopalilia migomba ya watu miaka mingi kabla ya kupata ya kwao. Tangu mdogo alikuwa mtu wa maneno machache, ukimwambia jambo umelizika, na Rugamba alipovunja mtungi wa maji mwaka 1988, Leokadia ndiye aliyechapwa kwa kukataa kusema nani kauvunja, naye Rugamba, tuseme ukweli, alikuwa amejificha nyuma ya banda la mbuzi akihesabu fimbo.

Alianza shule ya msingi hapo Kayanga mwaka 1990, na mwaka 1996, akiwa darasa la saba, familia ilirudi Rwanda ikapanga nyumba hapa Gikondo, nyuma ya magereji. Alisoma sekondari hapa Kigali kuanzia 1997 hadi 2003, huku wenzake wakimcheka kwa Kinyarwanda chake cha kuokoteza, na katika dawati lake aliketi na msichana aliyekuwa amebaki peke yake kwao baada ya mauaji ya Aprili 1994, ambaye kila ulipofika Aprili alilaza kichwa juu ya daftari asiseme neno. Leokadia, aliyekuja kutoka nje, hakujua ampe pole kwa maneno gani, akaogopa kuchekwa, akanyamaza, na muhula uliofuata msichana yule hakurudi shuleni. Jambo hilo lilimkaa rohoni maisha yake yote, na ndilo lililompeleka kusomea saikolojia huko Butare, kuanzia mwaka 2004 hadi 2008, kisha kujifunza kazi kwa miezi sita katika hospitali ya wagonjwa wa akili, Ndera.

Tarehe 1 Februari 2010 aliajiriwa kuwa mshauri wa wanafunzi katika chuo ambacho wenzake wako nasi hapa leo, akapewa chumba kidogo kando ya maktaba, chenye viti viwili na pazia la kijani, akakitumikia miaka kumi na mitano. Mwaka 2014 msichana mmoja kutoka Juba alifiwa na baba yake, akalia kwa sauti bwenini mpaka jengo zima likasikia, na wenzake wa hapa nyumbani, kwa heshima, wakafunga mlango polepole na kumwachia nafasi, kama wanavyofanya watu wetu ambao machozi yao hushukia ndani. Yule binti akaona kwamba amechukiwa, wale wakaona kwamba amewapigia kelele, wakakaa wiki tatu hawasemezani, hadi Leokadia alipowaketisha pamoja na kumtaka kila mmoja aeleze jinsi aliyefiwa anavyopewa pole kwao. Tangu hapo ikawa desturi chuoni, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, Warundi, Wakongo, Wachadi na Wanyarwanda wakielezana mambo ya kwao, na baadhi yao ndio hao mnaowasikia wakilia kwa nguvu leo, msiwashangae.

Hapa tunafika kwenye jambo lililomtesa. Wengi wenu mnakumbuka kwamba Leokadia alipita njiani hasalimii, anakutana na kijana uso kwa uso na macho yake yanakwenda kwenye mabati ya magereji, na mtaani ikasemwa kwamba ana maringo, kwamba masomo yamempanda kichwani, na Rugamba naye alisema hivyo, tena kwa sauti. Juzi Jumanne jioni, kwenye ikiriyo, mkesha wetu wa msiba, vijana waliingia mmoja mmoja, wakaketi mbalimbali, hawasalimiani, na Rugamba alipomuuliza mmoja amemfahamu vipi marehemu, kijana akatazama viatu vyake. Ndipo Kamikazi, binti yake Rugamba, alipomvuta baba yake pembeni na kumweleza kwamba kila anayeingia katika chumba kile alikuwa akiambiwa siku ya kwanza kuwa wakikutana nje mshauri hatamsalimia, ili asiwepo wa kuuliza wamejuana wapi, na kwamba mwanafunzi akitaka, yeye ndiye aanze. Wengi hawakuanza. Baba mtu hakumuuliza binti ameijua wapi sheria hiyo.

Kuhusu ndoa, desturi inataka tuseme, basi tutasema. Mwaka 2016 alichumbiwa na bwana Silvère, mtunza ghala wa hapa Gikondo, mtu mwema kabisa, mpaka siku moja sokoni kijana mmoja alipomwona Leokadia akajaa machozi, naye Leokadia akaendelea kuchagua nyanya. Silvère aliuliza kijana yule ni nani, akauliza tena kesho yake, akauliza mara ya tatu mbele ya mama Veridiana, na jibu likawa kwamba hawezi kusema, hivyo uchumba ukaishia hapo. Hakujaliwa mtoto wa kumzaa, lakini Kamikazi alimbeba mgongoni, akamfundisha kusoma, akamwita mwanangu.

Mama yetu, aliyekuwa akitupatanisha, alifariki mwaka 2018. Mwaka 2021 Kamikazi, akiwa mwaka wa pili katika chuo kilekile, alianza kukonda, hali, hasemi, akafeli mitihani, na tarehe 12 Oktoba Rugamba alimfuata mdogo wake ofisini kumuuliza mtoto ana nini. Leokadia alimjibu kwamba amuulize Kamikazi mwenyewe, taratibu, na asubiri. Jamani, Rugamba aliwaka, akamwambia kwamba ameweka wageni mbele ya ndugu zake, na kwamba hatakanyaga kwake tena, na kweli hakukanyaga. Kamikazi alipona, akahitimu mwaka 2023, ikafanyika sherehe, na shangazi yake, aliyekaa nyumba ya nne kutoka kwetu, hakualikwa.

Tarehe 3 Februari mwaka huu wa 2025 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anakwenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, peke yake, kwa pikipiki. Rugamba alimwona akiteremka asubuhi na mkoba wake, akadhani anakwenda kazini. Jumamosi tarehe 9 Agosti hospitali ilimpigia Rugamba simu, na alipofika, mdogo wake alikuwa hawezi tena kusema wala kufumbua macho. Muuguzi alimwonyesha fomu iliyojazwa Februari, jina la ndugu wa karibu likiwa Rugamba, na chini yake, kwa mwandiko wa Leokadia, ombi kwamba asipigiwe simu ila pale mgonjwa atakaposhindwa kujisemea, kwa kuwa angependa aje mwenyewe. Miezi sita alisubiri. Alifariki Jumatatu tarehe 11 Agosti, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, inamshukuru Mama Shyaka, jirani aliyempelekea uji wakati ndugu yuko nyumba nne tu kutoka pale, na inawashukuru wenzake wa chuoni walioshika zamu zake bila kumlalamikia. Nanyi vijana mlioketi huko nyuma mbalimbali, asanteni, leo hatutawaomba kusimama kwa makundi na kujitambulisha kama ilivyo desturi, na hakuna atakayewauliza mlimjuaje. Kamikazi naye hajaulizwa, wala hataulizwa.

Leokadia, mdogo wangu, mambo ya watu wote umeondoka nayo, hata yangu hukumwambia mtu, basi ngoja niyaseme mwenyewe mbele yao: nilikukosea, nilijua nyumba yako ilipo, na sikuja. Pumzika kwa amani.