Kibali cha Laptop ya Gemu

Ilianza Jumamosi, tarehe 15 Juni 2013, saa kumi na dakika ishirini alasiri, kwenye benchi lililoegemea ukuta wa duka la pembejeo, hapa Tunduma, mahali ambapo barabara ya malori inapanda kwenda mpakani. Benchi lile lina miguu mitatu. Wa nne ni tofali, na anayekaa upande wa tofali haruhusiwi kucheka sana, maana akitikisika wote wanaanguka. Siku hiyo upande wa tofali nilikaa mimi. Mapajani nilikuwa na kompyuta yangu ndani ya sweta lake la bluu, lile alilolifuma mama kule Ileje kwa vipimo nilivyomtumia mwenyewe, hadi milimita: lina kola, vifungo vinne na tundu la kupitishia waya, na limekaa vizuri kiasi kwamba kioo kinafunguka bila kulivua. Kesho yake, baada ya ibada, nilitakiwa kuwaonyesha wazee wa kanisa mchoro wangu wa paa la kanisa lao jipya ukizunguka kwenye kioo. Na kompyuta ilikuwa haiwezi kulizungusha paa hata nusu bila kuchemka na kuzimika.

Kijiweni jina la kuzaliwa huliachi mbali, unaliacha nyumbani kabisa. Mimi ni Gwantwa, lakini pale naitwa Milimita. Wilbard anabadilisha fedha, kwa hiyo ni Kwacha. Lwitiko ni utingo wa malori yaendayo Ndola, kwa hiyo ni Tripu. Mzee Aliko aliwahi kupika msimu mmoja katika kambi ya askari wa wanyamapori, bonde la Rukwa, na tangu hapo hakuna jambo analoliona halali bila kibali. Basi ni Kibali. Kefa peke yake anaitwa Kefa, kwa sababu ndiye mwenye birika la kahawa na hakuna anayetaka kumuudhi.

Tripu alifungua begi akatoa kompyuta nyeusi, nene kama Biblia ya madhabahuni.

Tripu: Milimita, dada'angu, mambo ndiyo haya! Jamaa yangu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anaiachia. Anataka hiyo yako pamoja na simu yako ya kugusa, basi, mmemalizana. Laptop ya gemu hii! Paa lako italizungusha mpaka lenyewe lishikwe kizunguzungu.

Kibali: Laptop ya nini?

Tripu: Ya gemu, mzee.

Kibali aliweka kikombe chini.

Kibali: Irudishe kwenye begi.

Kwacha: Kuna nini tena?

Kibali: Nasema irudishe! Nimefanya kazi gemu mimi, kwa askari wa wanyama, kule Rukwa. Kitu cha gemu ni cha serikali. Ukikutwa na swala mmoja wa gemu unafungwa, sembuse laptop yao!

Tripu: Mzee usinizingue. Gemu ya kucheza hii.

Kibali: Hata tumbili wa gemu wanacheza. Kutwa nzima wanacheza. Ni wa serikali vilevile.

Tripu aliona maneno hayatoshi, akaiwasha. Vitufe vyote vikawaka vyekundu kama baa ya stendi. Mgongoni mwa kioo kukatokea kichwa cha mnyama mwenye pembe mbili, anatoa moto puani. Ni alama tu ya kiwanda, nilitaka kusema, lakini Kibali alikuwa ameshasimama, na benchi likanitupa upande.

Kibali: Haya! Semeni tena! Hizo ni nini kama si pembe?

Kwacha: Mbuzi huyo.

Kibali: Mbuzi gani amejikunja pembe hivyo? Huyu ni palahala. Dume.

Kefa: Palahala hatoi moto, mzee.

Kibali: Wewe umewahi kumkasirisha?

Kefa alikiri kwamba hajawahi. Kikombe cha pili kikapita.

Mimi: Jamani, mimi nataka jambo moja tu. Nibadilishane au nisibadilishane? Jumapili iliyopita hii yangu ilizimika mbele ya wazee, paa likiwa limefika katikati. Mzee Anyelwisye akaniuliza, "Binti, kama paa linazimika kwenye picha, juu ya vichwa vyetu litafanyaje?" Wamenipa Jumapili moja tu ya kujitetea. Ikizimika tena kesho, kazi anapewa fundi Gwakisa, na ndiyo kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo.

Kwacha: Gwakisa si anachora kwa kijiti mchangani?

Mimi: Ndiye huyo huyo.

Kefa: Ila mchanga hauzimiki.

Kibali: Wala hauhitaji kibali.

Kwacha alinisogelea akashusha sauti, kama anavyofanya akitaka kumwambia mteja bei halisi.

Kwacha: Achana nao hao wa pembe. Tatizo lako ni hesabu. Kompyuta inafanya kazi kwa kitu gani?

Mimi: Ukiikata kabisa, mwisho wake ni sifuri na moja.

Kwacha: Sifuri! Mmesikia? Sasa niambie, hii uliinunua lini, na upande gani?

Mimi: Novemba, mwaka juzi. Nakonde.

Kwacha: Basi nimemaliza. Januari mwaka huu Wazambia wamekata sifuri tatu kwenye kwacha. Milioni imekuwa elfu. Mimi mwenyewe nilikosea hesabu wiki mbili. Sasa hii yako ilitoka huko kabla ya kukatwa, imejaa sifuri za zamani. Hazitumiki tena, lakini zimo, zinazunguka humo ndani hazina pa kwenda. Itaacha kuchemka?

Kefa: Kwa hiyo zitolewe?

Kwacha: Ziachwe zivuje zenyewe. Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi.

Nilijua si kweli. Nimesoma. Lakini niliinua kompyuta kidogo kwa mkono wa kushoto, nikaipima uzito, nikaona kama kweli imezidi.

Tripu: Iwe, wewe Kwacha, acha kumtisha mtoto wa watu! Milimita, tega sikio hapa. Unasikia? Feni mbili!

Ile ya gemu ilikuwa imeanza kuvuma. Ilivuta, ikatoa, ikavuta, ikatoa.

Kibali: Inapumua.

Tripu: Ni feni, mzee.

Kibali: Feni mbili, pua mbili. Nyinyi mnataka ushahidi gani?

Kwacha: Na hii ya kwako, Milimita, ina pua?

Mimi: Ina matundu. Mstari mmoja upande wa kushoto, mengine kwa chini.

Kwacha: Mbona siyaoni?

Mimi: Yamo ndani ya sweta.

Kwacha: Ahaa.

Akaridhika. Nami nikaridhika. Tukaendelea.

Kibali: Tena mwangalieni huyu wa Milimita. Mpole, ana manyoya, haongei. Huyu ni kondoo. Sasa Tripu unataka binti wa watu atoe kondoo wake halali achukue palahala wa serikali? Hapo kwenye kizuizi cha barabara wakimuuliza atasema nini?

Kefa: Mzee, na kama tukisema huyo wa Tripu naye ni wa kufugwa?

Kibali: Mfugo lazima uchanjwe.

Tripu: Imechanjwa! Si ina antivairasi? Virusi haviisogelei.

Kibali aligeuka. Alimtazama yule mnyama mwenye pembe kwa macho mapya.

Kibali: Chanjo ya mara moja au ya kila mwaka?

Tripu: Kila mwaka unalipia upya.

Kibali: Hapo umenigusa. Ng'ombe naye ni kila mwaka. Sawa, nakubali: ni mfugo.

Tripu: Umeona sasa! Milimita, lete simu.

Kibali: Ngoja. Mfugo ukivuka mpaka unakaa karantini.

Mimi: Siku ngapi?

Nilisikia sauti yangu ikiuliza hivyo, na ilikuwa ikiuliza kwa dhati.

Kibali: Ishirini na moja.

Mimi: Ibada ni kesho, mzee!

Kibali: Ungeileta mapema. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kwacha: Hiyo methali imeingiaje hapo?

Kibali: Karantini iko bondeni. Ataacha kuinama?

Tripu alitazama saa ya simu yake. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya malori, na upepo wa Juni ulianza kupita chini ya benchi na kupanda kwenye magoti.

Tripu: Dada, mpaka unafungwa saa kumi na mbili. Mimi nikivuka na huu mzigo sirudi nao tena, kuna Mkongo anausubiri. Kulenga siyo kupiga. Amua.

Kwacha: Kulenga siyo kupiga ni methali?

Tripu: Imeandikwa kwenye lori.

Nikaifungua yangu kwa mara ya mwisho, nikajiambia: nikiliona paa linazunguka hata mara moja, siiachii. Programu ikafunguka. Ukuta wa mashariki ukaja, madirisha yakaja, paa likaanza kugeuka. Mapaja yangu yakapata moto kupitia sketi na kupitia sufu. Kioo kikawa cheusi.

Kefa: Pole, dada.

Nilimtumia mama ujumbe akilini kwanza, kumwomba radhi, kwa sababu sweta lile lisingeweza kumwingia huyu palahala. Ni mnene mno. Kisha nikatoa simu mfukoni nikamnyooshea Tripu. Alikuwa ameshaishika kwa vidole viwili wakati mtu mmoja alipotoka dukani amebeba dumu la dawa ya kuogeshea ng'ombe. Alikuwa amevaa makoti mawili, na juu ya makoti amejifunga blanketi, na bado meno yalikuwa yanagongana.

Kefa: Karibu kahawa, bwana! Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Pale kijiweni methali hiyo ina maana kwamba mgeni ndiye atakayelipia duru.

Mgeni: Mwadila... Samahani, Kisukuma hicho. Habari za hapa. Naitwa Ngolo. Nimetoka bondeni, Msangano. Nyie watu mnaishije na baridi hii?

Akakaa kati yangu na Kwacha. Tofali likalia. Kefa akampa kikombe, akakikumbatia kwa viganja vyote kabla ya kunywa.

Kibali: Umefika wakati mzuri, bwana. Wewe si mtu wa mifugo? Hebu tuamulie. Huyu hapa ni palahala au ni wa kufugwa?

Ngolo aliinama akamtazama yule mwenye pembe kwa muda mrefu. Halafu akageuka akaitazama ya kwangu.

Ngolo: Huyo simfahamu, mzee. Bondeni hatunaye. Ila huyu wa dada, naomba kuuliza. Naye anasikia baridi?

Kibali: Tunduma baridi, bwana. Si unaona mwenyewe?

Ngolo: Naona. Kwa hiyo akipata baridi anaumwa?

Mimi: Hapana. Akipata joto ndiyo anazimika.

Ngolo: Joto la jua?

Mimi: La kwake mwenyewe. Linatoka ndani.

Ngolo alitikisa kichwa kwa huruma, kama anayesikia habari za ndama wa jirani. Akanywa funda moja. Akajivutia blanketi mabegani.

Ngolo: Sasa sweta ni la nini?

Kwacha alimtazama Kibali. Kibali alimtazama palahala, ambaye aliendelea kupumua kwa pua zake mbili. Tripu alikuwa bado ameishika simu yangu upande mmoja, mimi upande wa pili, na hakuna aliyevuta. Mimi, mwenye shahada, nikaanza kuhesabu vifungo vya sweta. Lori moja lilishuka gia pale kilimani, likapita lote, na trela lake, na utingo wake.

Kefa aliinua birika akaliinamisha juu ya kikombe cha Kibali. Likatoka tone moja, na machicha.

Kefa: Kahawa imekwisha.

Alisema kwa sauti ya mtu aliyeokolewa. Kibali akasimama, Kwacha akasimama, mimi nikaivuta simu yangu, na Tripu akamfungia palahala kwenye begi bila kumzima, akapanda barabara ya mpakani begi likivuma mgongoni. Ngolo peke yake alibaki amekaa, akiuliza kama amemkosea mtu.

Usiku ule sikuigusa kompyuta. Niliogopa kukuta ni sweta kweli, na niliogopa kukuta silo. Asubuhi ya Jumapili, kabla ya kengele ya kwanza, nilikaa kitandani nikafungua vifungo vinne vya mama, nikaivua. Matundu yalikuwa pale pale nilipojua yako, yamejaa vinyuzi vya bluu. Nikavitoa kwa sindano, kimoja kimoja, nikaiegesha juu ya vizibo vya soda, nikaiwasha. Paa likazunguka. Likazunguka tena, nami nikaliacha lizunguke hadi nilipoanza kuona kasoro kwenye mchirizi wa maji.

Simu ikalia. Mama, kama kila Jumapili.

"Umeamkaje, mwanangu? Na kompyuta imeamkaje?"

"Salama, mama."

"Baridi ya huko naijua mimi. Imevaa?"

"Imevaa, mama," nikasema.

Sikuweza kwenda ibadani na uongo. Niliizima, nikaivisha, nikafunga vifungo kuanzia cha chini hadi kwenye kola, nikaibeba kwa mikono miwili hadi kanisani kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Na ibada ilipokwisha, mbele ya Mzee Anyelwisye na wenzake, nikaivua sweta taratibu, kama mtu aliyekwisha kuingia ndani, nikalikunja, nikalikalia, nikaiwasha.