Vigingi Nilivyovinyima Maji

Sogeeni, Nagendra na Sivamma, na wewe Sivamma acha kulia kwanza, utalia nikishamaliza, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya jambo moja tu. Nyumba, ng'ombe na shamba la juu mgawane sawa, hapo sina wasiwasi nanyi. Linalonikaba ni shamba la baba yenu mdogo, Obulesu.

Mnajua kwamba miaka ishirini nilimbebea mtaalamu wa maji nyaya zake na vigingi vya chuma, wilaya nzima ya Anantapur. Tunapigilia vigingi vinne kwa mstari, tunapitisha umeme ardhini, mashine inasoma: jiwe kavu huukataa umeme, jiwe lenye nyufa za maji huupitisha. Kiangazi udongo wetu ni mkavu kama kigae, kwa hiyo kila kigingi lazima kimwagiwe maji ya chumvi, la sivyo namba zinaruka juu kana kwamba chini ni jiwe kavu. Kumwagia ilikuwa kazi yangu.

Siku tulipopima kwa Obulesu ndoo ilijaa, nami sikumwaga hata tone. Mtaalamu alikuwa mbali, kwenye mashine yake, akaandika jiwe tupu. Obulesu alikuwa ameshaleta nazi ya kuvunja kwa baraka pale pa kuchimba; akaifunga tena kwenye taulo, akaniambia, "Basi kaka, we umejitahidi." Nilimwonea wivu kwa kuwa baba alimpenda yeye, sina sababu nyingine. Mwaka ule karanga zake zilikauka, akauza mafahali, akaenda mjini Bengaluru kubeba zege. Mimi nikarudi na mashine, nikamwaga chumvi, nikaona ufa mkubwa chini ya ardhi yake. Kisima chetu nilikichimba mpakani, kwenye ncha ya ufa huohuo. Wali wote mliokula humu ni wa maji yake.

Nagendra, usinikunjie uso. Najua akichimba, chetu kitapungua, huenda kikakauka kabisa. Achimbe. Ni pale penye jiwe la chokaa, hatua kumi na mbili kutoka kwenye mwarobaini. Nazi mnunue nyinyi.

Obulesu keshafika, yuko mlangoni, nimesikia kikohozi chake. Amesikia yote, na ndivyo nilivyotaka.

Mungu awape mvua, wanangu... muishi mkitazamana usoni. Sasa, Sivamma... yale maji ya mwisho ya kunitia mdomoni... kijiko mpe yeye. Obulesu, mdogo wangu... ukitaka, usimwage.