Wimbo wa Kumkamua Paloma

Basi la kwenda Orocué lilikuwa halijatoka hata mjini Yopal, na nyuma yangu Mzee Eleuterio alishaanza kumsuta Yurley, binti daktari wa mifugo aliyeketi naye. "Eti ng'ombe wangu Paloma kapunguza maziwa kwa sababu ya chakula! Mimi namkamua kwa wimbo, kama marehemu baba. Namwimbia jina lake, anashusha maziwa."

"Imba, mzee wangu, sikukatazi. Ila wimbo unashusha yaliyomo tu. Kuyatengeneza ni kazi ya seli za kiwele. Akila vizuri, damu inazipelekea ujumbe: chakula kipo, chapeni kazi. Akila nyasi kavu, zinaambiwa zipumzike."

"Ujumbe! Kwangu simu haishiki mpaka nipande juu ya uzio, kiwele kitashika wapi?"

Basi zima lilicheka. Mzee akanogewa, akaimba ubeti mzima wa Paloma, na nakiri hata mimi nilitaka kukamuliwa.

"Mtamu," alisema Yurley. "Lakini ukiimbiwa hivyo ukiwa na njaa, unashiba?"

"Mke wangu hakuwahi kulalamika."

"Yuko wapi siku hizi?"

"Kwao."

Basi liliposimama njia panda ya kwake, mzee alishuka. Dereva akapanda juu ya basi, akamshushia gunia lenye picha ya ng'ombe mwenye kiwele kikubwa kuliko kichwa.

"Chakula cha kuku," mzee alitutangazia, akilibeba begani, upande wa picha akiuficha shingoni.

Yurley akatoa kichwa dirishani. "Nisalimie hao kuku! Na usisahau kuwaimbia!"