Jalada la Mtoto wa Miaka Hamsini na Tisa

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa kumi kamili alasiri, karani wetu wa masjala anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu, miezi minne na siku kumi na moja kazini. Hesabu ni yake mwenyewe. Ofisi ya utumishi ilikuwa imeandika "takriban miaka thelathini na mitatu", naye akairudisha barua, akieleza kwa adabu kwamba takriban si tarehe.

Kwa wageni watakaosoma kijarida hiki: hapa ni kliniki ya makuzi ya watoto. Wazazi hutuletea mtoto asiyeitika jina lake, anayepanga vifuniko vya chupa mstari mmoja tangu asubuhi, au anayepiga mayowe akivalishwa shati jipya, nao huuliza kama ni usonji. Hatuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa ya kuwajibu. Tunapima masikio kwanza, tusije tukatoa jina la usonji kwa mtoto ambaye shida yake ni kusikia. Kisha tunakaa naye sakafuni, tunacheza, tunatazama, tunamuuliza mama habari za tangu uchanga, halafu wataalamu wawili watatu tunalinganisha tulichokiona. Ni kazi ya subira, na subira hiyo yote ilipangwa rafuni na mtu mmoja.

Alipoajiriwa, mafaili yalikuwa kwenye maboksi ya sabuni. Mwaka haukuisha yakawa yamesimama rafuni, kingo zimenyooshwa kwa rula ya chuma ambayo hajawahi kumwazima mtu. Ndiyo asili ya jina Mzee Rula. Ndiye pia aliyeandika kanuni za foleni zilizobandikwa ukutani. Kanuni ya kwanza: hakuna kuruka foleni, awe mtoto wa nani. Kanuni ya saba: familia isipotokea ndani ya nusu saa, nafasi yake apewe wa kwanza kwenye orodha ambaye yumo jengoni. Mkurugenzi mmoja aliwahi kumleta mpwa wake kwa mlango wa nyuma. Mpwa alipimwa vizuri sana, miezi tisa baadaye.

Amekuwa mfanyakazi bora mara nne. Nimezisoma sifa kwenye vyeti vyake. "Hapotezi muda kwa porojo." "Hukaa kiti kile kile na kula chakula kile kile saa ile ile, hivyo hupatikana daima." "Hukumbuka namba ya jalada la kila mtoto." "Husema ukweli hata mbele ya wakubwa." Mtoto wa miaka mitano akiletwa na hayo yote, tunayaandika kwenye fomu na kuyapigia mstari. Kwake tuliyatia fremu, tukayatundika kwenye korido ambamo wataalamu wote wa usonji wa nyumba hii hupita mara kumi kwa siku, mimi nikiwemo.

Aliyegundua ni yeye mwenyewe, tena akiwa kazini. Mwaka jana tuliletewa dodoso jipya la wazazi, maswali arobaini na nane. Mzee Rula hapokei fomu mpya bila kuijaza kwanza, aone kama visanduku vinatosha. Juu akaandika SAMPULI, akaanza. Je, husumbuliwa na kelele ambazo wengine hawazijali? Je, hukosa raha utaratibu ukibadilika? Alimaliza akiwa amechelewa chakula kwa dakika ishirini, hata mpishi wa kantini akaja masjala kuuliza kama kuna msiba. Neno SAMPULI lilikuwa limekatwa kwa mstari ulionyooka. Chini yake kulikuwa na jina lake.

Angeweza kumgongea mlango daktari mkuu, hatua nane kutoka mezani pake. Badala yake alifungua jalada, akalipa namba, akaliweka mwisho wa foleni.

Lilikaa huko karibu mwaka mzima. Daktari mkuu alipolitazama kwa juu, penye namba na umri tu, akaona umri umeandikwa 59, akacheka peke yake na kutia nukta katikati: miaka mitano na miezi tisa. Akaagiza kiti kidogo cha buluu na kikapu cha vinyago. Jalada liliporudi masjala, Mzee Rula, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alifuta maandishi ya daktari.

Daktari akamuuliza sababu, ndipo tukajua jalada ni lake. Tukakimbilia kalenda: zamu yake ingefika siku kumi na moja baada ya kustaafu. Naye alitaka jibu kabla. Akistaafu anahamia nyumba ya wazazi wake, anakoishi dada yake mkubwa, na dada huyo amekuwa akimsalimia tu, bila zaidi, tangu siku alipoolewa, miaka thelathini na moja iliyopita. Mzee Rula aliondoka ukumbini katikati ya sherehe. Kwao jambo hilo linaitwa kiburi.

"Siwezi kwenda kukaa na mtu anayeamini namdharau," alimwambia daktari, "bila kujua kama ni kweli."

Daktari akataka kumsogeza mbele. Mzee Rula akanyoosha rula ukutani.

"Kanuni ya kwanza, Daktari."

"Lakini si wewe uliyeiandika?"

"Ndiyo maana."

Jumanne moja mwezi Mei, familia ya saa tatu haikutokea. Ilipotimu saa tatu na nusu, Mzee Rula alisimama katika chumba cha kusubiria na orodha yake, akaziita namba za mbele moja moja. Hakuna aliyekuwemo. Akaita namba yake. Akaitika, "Nipo." Mama mmoja kwenye benchi akamnong'oneza mwenzake, "Maskini baba wa watu, kazi imemzidi." Mzee Rula akaingia kwa daktari na kufunga mlango.

Kikao cha pili kilimhitaji mtu aliyemjua utotoni. Akaja dada, mkoba kaukumbatia kifuani kama aliyeitwa kituo cha polisi. "Sijaja kwa ajili yake. Nimeitwa na daktari," alitanguliza. Kisha akajibu. Mdogo wake alichelewa kusema. Hakutazama mtu machoni. Alijua majina ya darasa zima kwa mpangilio wa daftari la mahudhurio, ila hakuwa na wa kucheza naye. Akafika kwenye habari za harusi.

"Walipowasha spika tu, huyo, kainuka! Mbele ya wakwe zangu. Hata kuniaga!" Akaushusha mkoba mapajani. "Radi ikipiga alikuwa anaingia chini ya kitanda changu. Mimi ndiye niliyekuwa namziba masikio." Akamgeukia. "We mtoto, kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unacheka," alisema Mzee Rula. "Sikutaka kukuharibia."

Ripoti ina kurasa sita. Inasema ni usonji, kwamba ulikuwepo tangu utotoni, na kwamba haukuletwa na malezi wala mkosi. Mzee Rula aliisoma mara mbili, akasahihisha tarehe, akaiweka rafuni mahali pake. Ameruhusu haya yaandikwe kwa sharti ayasome kwanza. Amerekebisha namba tatu na kufuta sifa moja.

Ungedhani sasa tumeelimika. Wiki moja baada ya ripoti, kamati ya kumuaga, yenye wataalamu wanne wa usonji, ilipitisha kwa kauli moja kwamba tumshtukize: taa zizimwe, kisha muziki. Dada akapigiwa simu amlete kwa hila.

"Nyie ndio mnaopima watoto wa watu?" aliuliza.

Basi ratiba ya Ijumaa ndiyo hii, na Mzee Rula anayo nakala. Hakuna spika. Hotuba ni tatu, dakika nne kila moja. Kiti chake kiko karibu na mlango wa pembeni, nao utakuwa wazi. Akiinuka, hata mkurugenzi akiwa anazungumza, asiulizwe anakwenda wapi.

Asante, Mzee Rula, kwa kila mtoto ambaye hakurukwa. Tunakuombea nyumba yenye redio ya sauti ya chini na chakula cha saa ile ile. Kuhusu kuaga, usiwe na wasiwasi. Dada amesema atabaki hadi mwisho, na ataaga kwa niaba yenu wawili.