Mjomba na Kiti Chake cha Nje ya Mlango

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Mjomba anastaafu. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo amekuwa msimamizi wa huduma kwa wateja katika duka hili la kampuni yetu ya simu ambalo nyote mnalijua: sakafu ya vigae vyeupe, feni moja inayozunguka na nyingine inayotutazama tu, na kaunta za vioo vyenye matundu ya kuongelea ambayo hayajawahi kumsaidia mtu kusikia chochote. Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi kwa kuwa nimekaa kaunta ya pembeni yake na, kama wenzangu walivyosema mbele yangu bila haya, kwa kuwa sijui kunyamaza.

Jina lake analo, liko kwenye kitambulisho anachokivaa kila siku kimegeuka nyuma mbele. Lakini hapa ni Mjomba. Meneja humwita Mjomba, mlinzi humwita Mjomba, na hata wateja waliokuja kumtukana humwita Mjomba, na hapo ndipo hukwama, maana ukishamwita mtu mjomba wako matusi mazito hayatoki vizuri.

Alianza kazi kama fundi wa nyaya za simu za mezani, akipanda nguzo na mkanda wa ngozi kiunoni na kugombana na kunguru. Goti likaja kumgomea, simu za mkononi zikaingia, akateremshwa kaunta. Mwenyewe husema hakuona tofauti kubwa: kule juu alirushwa na umeme, huku chini akarushwa na wateja. Kompyuta hakuipenda wala haikumpenda. Mpaka leo anachapa kwa kidole kimoja cha shahada, na akifika kwenye kitufe cha mwisho hukipiga kana kwamba ameona mbu.

Kazi yake ilikuwa na kanuni moja ambayo haikuandikwa popote, nayo ni salamu kwanza. Mteja anaweza kuingia anafoka, mishipa ya shingo imemtoka, simu ameishika kama anayetaka kuirusha. Mjomba atamwuliza habari za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, na mgongo je? Mteja atajikuta anajibu. Wakifika kwenye mgongo ameshavuta kiti. Sisi wengine tulipojaribu mbinu hiyo tuliambiwa tuache kupoteza muda wa watu.

Kuna bibi mmoja, mkunga mstaafu, aliyekuja kulalamika kwamba laini yake imeharibika, haijapokea simu hata moja kwa majuma kadhaa. Mjomba akaitoa ile laini, akaifuta, akairudisha, akaipigia kwa simu ya kaunta. Ikalia vizuri kabisa. Wote tuliokuwa pale tulielewa kwa pamoja kwamba laini haikuwa na ugonjwa wowote. Hakuna aliyempigia, basi. Nikamwangalia Mjomba atasemaje. Akamwambia bibi kwamba kweli ameona hitilafu ndogo, na kwamba laini za namna ile huhitaji kujaribiwa kila Jumatatu. Tangu siku hiyo, kila Jumatatu kabla hatujafungua mlango, Mjomba hupiga kujaribu laini. Jaribio lenyewe huchukua muda, maana bibi ana habari nyingi za majirani, na lazima kila mara amwambie "mwanangu, kula, umekonda." Nyote mnamwona Mjomba. Hajawahi kukonda.

Sasa nije kwenye jambo ambalo bila hilo wasifu huu hautatimia, nalo ni ule uboreshaji wa mtandao. Aliyekuwepo hawezi kusahau, na asiyekuwepo amshukuru Mungu wake. Kampuni iliamua kubadilisha mitambo ya minara yote ya mji. Mabango yakasimamishwa barabarani yakionyesha kijana anayeruka juu kwa furaha, simu mkononi, na wateja wetu nao wakajiandaa kuruka. Kinyozi wa jirani aliuliza kama simu yake ya batani sasa itaanza kuonyesha mpira. Mama mmoja alitaka kujua kama hiyo kasi mpya itamfanya mumewe ajibu meseji. Tukawaambia wavute subira.

Kisha minara ikaanza kuzimwa, mmoja baada ya mwingine, na mji ukawa bubu. Aliyebahatika kupata mtandao alikatwa katikati ya sentensi. Bibi harusi mtarajiwa alikuja analia kwa sababu upande wa bwana harusi ulidhani amezima simu makusudi. Dereva wa teksi alipanda juu ya gari lake mwenyewe kutafuta mtandao, akashuka bila mtandao na paa limebonyea, akataka tumlipie. Makao makuu wakawa wanatuma ujumbe mtamu wa kuwaomba radhi wateja wasio na mtandao, ujumbe ambao, kama mnavyoweza kukisia, uliwafikia wale tu waliokuwa nao.

Hapa Mjomba aliteleza, na yeye mwenyewe ameniambia nisimfichie. Makao makuu walisema kazi itakwisha Jumamosi. Mjomba akasimama mbele ya foleni na, kwa ile sauti yake ya kuitana nguzo hadi nguzo, akawaapia watu kwamba Jumamosi adhuhuri kila simu itashika. Basi Jumamosi ikafika. Adhuhuri ikafika. Mtandao ukabaki huko ulikokuwa.

Watu wakaja, na hawakuja kununua vocha. Mwingine angejifungia stoo akahesabu maboksi mpaka wachoke. Mjomba alichukua kiti chake, kile cha magurudumu ambacho gurudumu moja halizunguki, akakiburuta mpaka nje ya mlango, akakaa kando ya njia mbele ya umati wote. Akasema aliyewaambia Jumamosi ni yeye, na yeye huyu hapa. Meneja alitoka mbio kumsihi arudi ndani asiharibu sura ya kampuni. Mjomba akamjibu kwa adabu kwamba sura imeshaharibika, mheshimiwa, afadhali basi iwe na mtu aliyekaa ndani yake. Meneja akarudi peke yake.

Kuanzia hapo kiti kilikaa nje kila siku mpaka kazi ya minara ilipokwisha. Asubuhi Mjomba alizungumza na mafundi waliokuwa juu ya minara, kisha akaketi mlangoni akisema alichokijua: leo upande wa soko hakuna, upande wa stendi upo lakini unakatika, ukitaka kupiga kasimame kwenye ngazi za duka la viatu. Asichokijua alisema hakijui. Neno "hivi karibuni" alilipiga marufuku dukani kabisa, na msichana wetu wa mauzo alipolitamka kwa bahati mbaya aliamriwa amnunulie kila mtu chai. Watu waliendelea kugomba, lakini walianza kugomba wakiwa wamekaa, na sisi ndani tukapata nafasi ya kufanya kazi.

Katika wale waliokuja kila siku, hakuna aliyetuchosha kama fundi saa, yule mzee mwenye kibanda cha vioo upande wa soko. Maneno aliyotutolea siyaandiki kwenye karatasi ambayo wajukuu wa Mjomba wataisoma. Salamu yenyewe haikumlainisha. Aliulizwa habari za mgongo, akajibu kwamba mgongo si wa kampuni. Mimi nilimwona mkorofi tu. Mjomba akaona kitu kingine. Alisema wenzake wote huuliza mtandao utarudi lini, lakini mzee huyu kila siku huuliza swali moja tu: Jumapili alasiri, simu yake itashika au haitashika?

Akamchukua chemba, akampa chai, akamsubiri. Mzee akasema. Miaka iliyopita aligombana na mwanawe wa pekee. Kijana alikataa kurithi meza ya saa, baba akamwambia akitoka mlango ule asimwite tena baba, na kijana akatoka. Hawakuzungumza tena. Sasa dada wa mzee huyu, shangazi wa kijana, alikuwa ameletewa salamu kwamba kijana yuko mbali, kazini, na kwamba amepata moyo wa kumpigia baba yake. Atapiga mara moja, Jumapili hiyo alasiri, kwa simu ya kazini kwake. Isipopokewa, atajua jibu ni lile lile la zamani, na hatasumbua tena. Namba ya kumpigia yeye hakuacha. Ni mkaidi, mzee alisema, na sote tunajua alikoutoa ukaidi.

Mnara wa upande huo haungewashwa Jumapili, na kwingineko mtandao ulikuwa wa kukatika. Mjomba hakumdanganya, alimwambia hivyo hivyo usoni. Lakini alikumbuka kwamba simu ya mezani ya ofisi yetu bado inatumia zile nyaya zake za zamani, nyaya alizozivuta kwa mikono yake. Akaenda kwa mhandisi wa mitambo, dada mmoja ambaye tangu kazi ianze alikuwa akila kasimama, akamwomba simu zote zitakazopigwa kwenye laini ya mzee zielekezwe kwenye ile ya mezani. Dada yule alisikiliza kisa mpaka nusu tu, akaweka sahani chini, akaenda kuifanya. Meneja alikumbusha kwamba Jumapili duka hufungwa na kwamba mteja haruhusiwi nyuma ya kaunta. Jumapili tulimkuta yeye ndiye amefika wa kwanza, funguo mkononi.

Mimi nilikuwepo. Hakuna aliyeniita, umbea wangu ulinileta. Mzee alikuja amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi, na mkononi amevaa saa, mtu ambaye hatukuwahi kumwona na saa ya kwake. Tukamkalisha mbele ya simu ile nyeusi. Mjomba alikaa pembeni yake, akijifanya anapanga kalamu.

Simu ikalia. Mzee akaruka. Mjomba akapokea, kumbe ni mteja mmoja aliyeipata namba ya ofisi sijui wapi, anataka kujua kasi mpya inaanza lini. Mjomba akamwambia simu hii ina mwenyewe, akakata. Katika miaka yote niliyokaa naye, hiyo ndiyo mara pekee nimemsikia Mjomba akikata simu bila salamu.

Ikalia tena. Safari hii mzee aliweka mkono juu ya kipokezi na mkono haukunyanyuka. Simu inalia, mkono upo pale pale. Mtu aliyetutukana juma zima kwa ajili ya mlio huo, na sasa umekuja hawezi kuupokea! Nilitaka kupiga kelele. Mjomba akausogeza ule mkono taratibu, akainua, akamsalimia kijana kama anavyowasalimia wote, habari za huko, habari za kazi, kisha akamwambia baba yake yupo, amefika tangu mapema anamsubiri. Akamwekea mzee kipokezi sikioni. Halafu akatutoa wote nje, meneja pamoja nami, akafunga mlango na kukaa kwenye kiti chake akiutazama mtaa mtupu.

Kupitia kioo niliona mgongo wa mzee tu. Ulikuwa umeinama, mabega yanapanda na kushuka. Sikusikia neno, na kwa mara ya kwanza sikutaka kusikia. Mjomba alikuwa anajifuta macho kwa tai ya kampuni.

Mzee alipotoka, alisimama mbele ya Mjomba. Akasema sauti ilikuwa inakwaruza kidogo, na kwamba kampuni kubwa kama hii ingeona aibu. Mjomba akamjibu kwamba malalamiko yake yamepokelewa. Wakashikana mikono, na hawakuachana haraka.

Mtandao ulirudi juma lililofuata, na kama ilivyo ada ya kazi hii, hakuna aliyekuja kusema ahsante. Walikuja kusema kasi si ile ya kwenye bango. Ila tangu hapo kila Jumapili alasiri kibanda cha saa hufungwa, na ukipita karibu na nyumba ya mzee utamsikia akicheka kwenye simu. Kijana alikuja likizo mwaka jana. Mzee alimleta hapa dukani, akamsimamisha mbele ya kaunta ya Mjomba, akatangaza foleni nzima ikisikia kwamba huyu ndiye mwanawe.

Mafanikio ya Mjomba ni mengi na vyeti vyake vimetundikwa ukutani, mkitaka mtavisoma wenyewe. Mkewe, dada yetu mpendwa, ametuomba tumrudishie akiwa amesahau lugha ya kazini, maana akimwambia bomba linavuja hujibiwa kwamba tunalifanyia kazi. Hilo tumeshindwa, dada. Utuwie radhi.

Juma lililopita nilimwuliza Mjomba, kwa ajili ya karatasi hii, anaogopa nini kuhusu kustaafu. Akafanya mzaha kama kawaida, akasema haogopi kitu. Kisha akageuzageuza simu yake mezani na kusema, polepole, kwamba labda anaogopa itanyamaza.

Mjomba, ahsante kwa kila tusi ulilolipokea ili lisitufikie sisi. Kiti chako hakiondoki. Kimekuwa changu, na lile gurudumu sitalitengeneza. Tunakuombea wewe na nyumba yako afya, usingizi wa kutosha na siku ndefu za amani. Na kuhusu simu yako, tumeshakaa kikao. Jumapili ameichukua fundi saa, amesema akimaliza kuzungumza na mwanawe zamu ni yako. Jumatatu ni ya bibi mkunga, naye amekataa katakata kumwachia mtu mwingine. Siku zilizobaki tumegawana sisi wa kaunta, na meneja amegombania mpaka akapewa Alhamisi. Ikilia, pokea. Usituulize kuna tatizo gani. Tunajaribu laini tu.