Historia ya Marehemu Domitille, Aliyekataa Ng'ombe Arudishwe

Padri wetu, wazazi wafiwa, jirani wa Mulongwe, nanyi mliotoka Kalundu na Luvungi, familia imenituma mimi Marcellin, shemeji wa marehemu, niwasomee maisha yake, nami nitayasoma yote, hata yale tuliyoshauriwa tuyaruke.

Domitille Nyandwi alizaliwa Mutarule tarehe 3 Mei 1931, mtoto wa saba, kama jina Nyandwi linavyosema, wa Mzee Cyprien, kapita, yaani msimamizi, wa mashamba ya pamba, na Mama Sidonie. Alisoma kwa masista kuanzia 1939 hadi 1944, na baba yake alipoamua kwamba shule imetosha, alishika jembe bila kuitupa sindano aliyofundishwa huko, akawa mshonaji, na wengi wenu hapa leo mmevaa kazi ya mikono yake.

Mwaka 1951 kaka yangu Ildephonse, mfanyakazi wa bandari ya Kalundu, alifika Mutarule na lori la kupakia pamba, akampelekea suruali aishone, suruali ambayo haikuchanika popote, na juma lililofuata akairudisha tena, mpaka Domitille akaichana mwenyewe ili apate cha kushona. Walifunga ndoa kanisani tarehe 2 Agosti 1952, baada ya sisi kumpelekea Mzee Cyprien ng'ombe wa mahari mwenye paji jeupe, wakahamia hapa Mulongwe, wakajaliwa Marie-Rose mwaka 1953 na Bonaventure mwaka 1956.

Mwezi wa tatu mwaka huu wa 1959, Ildephonse alikamatwa kwa kusema hadharani, hapo ufukweni, kwamba nchi hii ina wenyewe, akapelekwa mbali, hatujui wapi. Mzee Cyprien aliambiwa na wakubwa wake achague, ukapita au mkwe muasi, akamswaga ng'ombe kutoka Mutarule mpaka hapa, kwa sababu mila yetu sote tunaijua, tukipokea kamba ya ng'ombe huyo ndoa imekufa. Hatusemi hivi kumwaibisha, maana hofu iliingia kila nyumba, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono.

Domitille aliiwahi kamba ile kabla yangu, akamwambia baba yake mbele ya watu: "Baba, minye niko bibi ya Ildephonse, hii ngombe iliisha kuzoea kwenu, itarudia kwenu." Akambeba Bonaventure mgongoni, akapita sokoni na ng'ombe wake mchana kweupe, askari wakimtazama, akatembea bonde zima la Ruzizi hadi Mutarule, akamfunga kwenye nguzo ya baba yake, akarudi kushona. Mzee Cyprien hakumleta tena, na ukapita wakamnyang'anya.

Mwezi wa kumi marehemu alishikwa na homa na kifua, akatibiwa, akapata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi kwa nguvu, akafariki jana Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1959, akiwa na miaka ishirini na minane. Alipozidiwa tuliomba mumewe aruhusiwe aje amwone, tukanyimwa, na jana mchana tukaonywa kwamba jina la mtu huyo lisitajwe msibani. Jina lake ni Ildephonse. Tumeumia, tena tuna hasira, lakini marehemu hakutembea njia yote ile ili sisi tuje kumzika kama mwanamke asiye na mume.

Tunawashukuru daktari na wauguzi waliomhangaikia, jirani waliopika na kukesha nasi, wamama washonaji wenzake waliomshonea vazi hili la mwisho, na wafanyakazi wa Kalundu waliokuja wakijua kwamba waliofika wanatazamwa.

Mzee Cyprien, aliyekaa pale karibu na jeneza, ameomba niseme neno moja kwa niaba yake: ng'ombe yuko Mutarule, kwenye nguzo ileile alipofungwa na binti yake, na hakuna atakayemfungua.

Pumzika kwa amani, Domitille, mke wa Ildephonse.