Mzee Chediel Ntandu, Mpima Ardhi Aliyemngoja Mwanafunzi

"Mzee, mtoto wangu hatapima shamba la mtu, na hiyo mashine yako iondoe hapa!" alifoka Bwana Lazaro, jirani yetu, katika mkutano wa wazazi wa sekondari tarehe 14 Februari 2019, na marehemu Mzee Chediel akamjibu, "Gasto ana hesabu nzuri, Lazaro, mwache akasome, unaogopa nini na hata hajaenda?"

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1953 hapa Mtinko, akasoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari mjini Singida, kisha chuo cha upimaji Dar es Salaam, alikohitimu mwaka 1977, akaajiriwa serikalini na kupima viwanja Manyoni, Itigi na Utemini hadi alipostaafu mwaka 2013. Alifunga ndoa na bibi yetu Anastasia tarehe 8 Septemba 1979, wakajaliwa watoto wanne, na hakuna aliyefuata kazi yake.

Baada ya kustaafu alizunguka shule mbalimbali kwa baiskeli, akiwasihi vijana waombe kusomea upimaji na uchoraji ramani chuo kikuu, kwa kuwa alisikia madarasa hayo hayajai. Siku ile ya mkutano alisimamisha mashine yake ya kupimia uwanjani ili wanafunzi wachungulie, lakini wazazi walipoiona walidhani ardhi inakuja kuchukuliwa, wakakimbilia mashambani kupanda katani mipakani, kila mtu akijiongezea kidogo, na Bwana Lazaro akapanda upande wetu. Gasto alipofaulu, baba yake alimtaka aombe ualimu.

Marehemu hakung'oa hata mche mmoja, akisema si haki mpima ajipimie shamba lake, bora angoje kijana wa Mtinko arudi na shahada, huyo ndiye apime. Mjukuu wake Loyce alimwambia angependa kwenda yeye, lakini shule yake ilikuwa imeishia kidato cha pili, na babu akamshika mkono tu.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2023, akawa analazwa mjini, na kila nesi kijana aliyemhudumia, marehemu alimuuliza kama ana mdogo wake anayependa hesabu. Alifariki tarehe 9 Juni 2025 alfajiri, na hadi siku hiyo hakuna kijana wa Mtinko aliyekuwa amekwenda kusomea upimaji.

Familia inawashukuru madaktari na manesi, wapima wenzake waliosafiri kutoka Manyoni, na majirani wote, akiwemo Bwana Lazaro aliyeongoza wachimba kaburi. Babu, lala kwa amani katika ardhi uliyoipenda, hata kama hatujui ni ya nani, maana jana jioni Bwana Lazaro alisimama mlangoni kwa bibi, chepeo mkononi, akasema, "Shikamoo mama. Kaburi tumechimba, ila hatujui kama limeingia kwenu au kwangu, na wa kumuuliza ndiye huyo tunayemzika."